Baiskeli Iliyoogopa Hospitali

Nilikuwa nimepotea kwa dakika ishirini na nilikuwa bado sijakubali kwamba nimepotea. Basi lilinishusha chini ya mlima, simu ikaniambia nipande, nikapanda, begi moja mgongoni na jingine la magurudumu likinifuata nyuma na kugonga kila jiwe la barabara. Nimeingia katika miji mingi kwa namna hii, nikijifanya najua ninakokwenda, na ninazijua dalili za aibu inapokaribia: maduka yanapungua, kuta za nyua zinarefuka, na watu wanaanza kukusalimia kwa sauti ya huruma.

Hapo ndipo aliponipita mwanamke mmoja juu ya baiskeli ya umeme ya mizigo. Ilikuwa moja ya zile ndefu, zenye sanduku kubwa la mbao kati ya usukani na gurudumu la mbele. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima, miaka hamsini na kitu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kikakazwa, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Sanduku lilijaa nguo za kijani zilizokunjwa na kupangwa kama vitabu vya maktaba. Mota ilivuma taratibu, naye akaupanda mlima kwa mwendo ambao nisingeuweza hata bila mabegi.

Hatua thelathini mbele yangu, barabara ilipoanza kusimama kama ngazi, aliinama akaulalia usukani. Taa nyekundu ya nyuma ikawaka. Mvumo ukakatika.

Hakulalamika. Aliteremka, akaishusha stendi, akachomoa chaki ya bluu mfukoni, akachora mstari mfupi kwenye ukingo wa barabara na kuandika tarehe kando yake. Nilipomfikia niliona kwamba mstari ule ulikuwa na ndugu zake. Ilikuwapo kama tisa, yote ndani ya kipande cha barabara ambacho ungekimaliza kwa hatua hamsini, mingine imeshafifia kwa kukanyagwa.

"Pole na safari," alisema bila kugeuka. "Unatafuta nyumba ya washonaji, au sivyo?"

"Umejuaje?"

"Mgeni mwenye begi la magurudumu huku juu anatafuta hospitali au chumba cha kupanga kwetu. Na wewe mgonjwa huonekani. Nyumba umeipita, iko kule chini, mlango wa bluu." Alilitazama begi langu, kisha mlima. "Lifunge hapo nyuma. Usiliweke juu ya nguo, hizo ni za chumba cha upasuaji. Nisaidie kusukuma mpaka getini, halafu nitakurudisha mwenyewe."

Tukasukuma. Nilimuuliza kwa nini mota imezima. Akajibu kwamba angekuwa anajua asingetembea na chaki.

Katika mlango wa stoo ya hospitali, mtunza stoo alikuwa amesimama chini ya saa ya ukutani. "Bi Pindo, umechelewa dakika kumi na nane," alisema.

"Andika ishirini, watu wasiseme unanipendelea."

Mtunza stoo hakucheka sana. Alipokea nguo, akazihesabu, akasema kwa upole kwamba daktari wa upasuaji ameuliza tena. Safari ya mwisho ya nguo kwa siku ile ingekuwa saa tisa alasiri, na saa tisa haikuwa na nyongeza. Bi Pindo akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa jambo alilolijua kabla ya msemaji.

Tuliteremka mimi nikiwa ndani ya sanduku, nimekumbatia magoti. "Kaa kama mzigo," aliniamuru. "Mzigo haugeuki kutazama madirisha ya watu." Ndivyo nilivyoingia katika nyumba ambayo nimekaa kwa wiki tano sasa.

*

Nyumba ya washonaji ina chumba kimoja kirefu chini na vyumba viwili vya kupanga juu. Chini kuna vyerehani vinane, vyote vimeelekea ukuta, kwa sababu swichi za umeme ziko ukutani na hakuna aliyewahi kufikiria kuzihamisha. Katikati kuna meza ya kukatia, pana kama kitanda cha watu wanne, yenye mguu mmoja mfupi. Kila mkasi ulipouma kitambaa, meza iliitikia kwa kugonga sakafu. Washonaji wote ni wanachama wa ushirika, wanawake watupu, na Mwenyekiti wao ni mama mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alianza kujifunza ushonaji siku moja na Bi Pindo, kwenye benchi moja, kwa shangazi mmoja.

Jina Bi Pindo lilitoka kwa shangazi huyo. Alipokuwa na miaka kumi na minne, msichana huyu alipewa mapindo ya sketi arobaini ayashone kwa mkono kama adhabu ya kucheka kazini. Alimaliza yote kwa siku mbili, kwa mshono mdogo hivi kwamba shangazi alivaa miwani ili ayaone. Shangazi akasema, "Basi wewe utakuwa Bi Pindo mpaka uzeeke." Na ndivyo ilivyokuwa. Aliolewa akiwa Bi Pindo, akafiwa na mume akiwa Bi Pindo, akalea binti mmoja ambaye sasa ni muuguzi mji mwingine, na sehemu kubwa ya muda huo alikaa kwenye cherehani cha tatu kutoka mlangoni.

"Miaka ishirini na sita," aliniambia siku ile, akinionyesha ukuta. "Ufa ule nimeuona ukizaliwa. Ulianzia pale kwenye msumari. Nikifa mtu akaniuliza habari za mji huu, nitamwambia habari za ufa."

Baada ya hapo goti lilikataa. Nusu ya vyerehani vya ushirika bado ni vya kukanyaga, na goti lake la kulia, baada ya kukanyaga miaka yote hiyo, liliamua kuvimba kila jioni. Ushirika ulikuwa umepata kazi ya kushonea hospitali, na kila siku mtu alitakiwa kupandisha nguo mara mbili. Kampuni moja ya baiskeli ikaleta hiyo ya umeme kwa majaribio ya siku thelathini. Nani ataiendesha? Wenzake saba walitazamana. Bi Pindo, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli ya aina yoyote, akainua mkono.

Alifundishwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa baiskeli mwenye kibanda mkabala na nyumba ile. Walifanyia mazoezi kwenye uwanja wa shule siku za Jumapili. Alianguka mara nne. Shemeji anasema mara saba.

"Mara ile ya kwenye maua huihesabu?" nilimsikia akimuuliza.

"Pale nilishuka, shemeji. Nilishuka haraka."

Siku ya kumi alikuwa anapanda mlima. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliona mchana wa mji wake mwenyewe: nani anafungua duka saa ngapi, mbwa gani analala wapi, mwalimu yupi anachelewa. Goti likapoa, maana kanyagio la baiskeli ya umeme linaomba kidogo tu. Aliporudi jioni alikuwa na habari, na wenzake walisimamisha vyerehani ili wazisikie.

Halafu, katika wiki ya tatu, alipokwisha kujifunza hata kuulalia usukani mlimani, mota ikaanza kuzima.

*

Siku niliyofika ilikuwa siku ya thelathini. Mwenyekiti aliniambia hivyo mwenyewe aliponipa ufunguo wa chumba, kama njia ya kuomba radhi kwamba watu wana mawazo. Wakala wa kampuni angepita saa kumi na gari lake. Ama ushirika umpe fomu ya kuichukua baiskeli moja kwa moja, ama umpe baiskeli na fomu ya kuirudisha. Fomu zote mbili zilikuwa juu ya meza ya kukatia, chini ya pasi. Ile ya kurudisha ilikuwa juu.

"Simwonei," Mwenyekiti alisema, ingawa sikuwa nimesema kitu. "Daktari akikosa nguo mara moja, kazi yote inakwenda kwa watu wengine. Tuko nane hapa."

"Na Bi Pindo?"

Alitazama cherehani cha tatu kutoka mlangoni, ambacho kilikuwa kimefunikwa kitambaa.

Mwenyewe Bi Pindo hakuwa na muda wa kusikitika. Alikuwa ameshavuka barabara, baiskeli imeinuliwa kwenye stendi mbele ya kibanda cha shemeji, gurudumu la nyuma hewani. Nilikwenda kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikawasikiliza. Nimewahi kuwasikiliza madaktari wakijadili mgonjwa, na mawakili wakijadili kesi, lakini sijasikia mazungumzo yaliyonyooka kama yale ya mshonaji na fundi baiskeli.

Shemeji alianza kwa kukiri. Alikuwa na hakika kwamba ni betri. Mota inayozima mlimani, yenye mzigo, na kuwaka tena baada ya dakika moja: hiyo ni betri inayochoka pale inapoombwa nguvu nyingi. Alisafisha vichwa vya betri. Akabana plagi. Akabadilisha waya mmoja mnene uliokuwa umechubuka. Wakala akaleta betri nyingine, mpya. Ikazima vilevile.

"Nikamwambia," Bi Pindo alidakia, akinigeukia, "shemeji, nguo ikimbana mtu kwapani, huanzi kwa kupunguza urefu. Badilisha kitu kimoja, mvalishe tena, tazama. Yeye alibadilisha vitu vinne kwa mpigo."

"Vitatu."

"Na waya?"

"Vinne," shemeji alikubali.

Kuanzia hapo Bi Pindo mwenyewe ndiye aliyeongoza uchunguzi, na hapo ndipo chaki ilipoingia. Kila ilipozima alichora. Baada ya alama tano aligundua kwamba haizimi popote pengine ila kwenye kile kipande kilichosimama. Akafikiri: basi ni uzito. Jumapili iliyopita aliweka kwenye mizani robota za nguo za hospitali, zikapata kilo hamsini na nane. Akajaza mifuko ya mchanga ya kilo sabini, akaipandisha mlima ule mara tatu.

"Na?"

"Ikapanda kama inakimbilia harusi. Mara zote tatu."

Jumatatu akapandisha nguo za hospitali, ikazima. Jumanne shemeji akasema ngoja niendeshe mimi. Akapandisha nguo za namna ileile, kwa sanduku lilelile, kwa barabara ileile. Haikuzima. Jumatano akaendesha Bi Pindo. Ikazima.

"Kwa hiyo," alisema shemeji, akifuta mikono, "mchanga inaupenda, mimi inanipenda, nguo peke yake haina neno nazo, na shemeji yangu peke yake haina neno naye. Wakiwa pamoja, inagoma. Mtaani wanasema inaogopa sindano. Ikiona nguo za hospitali inazimia."

"Mtaani hawasemi hivyo," alisema Bi Pindo. "Unasema wewe, halafu mtaa unarudia."

Lakini Mwenyekiti alikuwa amelisema kwa namna nyingine, na hilo ndilo lililomuuma. Jumatano jioni, mbele ya wenzake, alisema pengine tatizo ni mwendeshaji. Anapobeba vitu vya hospitali anaingiwa na hofu, mkono unakaza, anakosea kitu. Hakusema kwa ubaya. Bi Pindo alikwenda kuketi kwenye cherehani chake kilichofunikwa, akautazama ufa, kisha akaondoka kwenda kulala.

Nilikuwa nimenyamaza hadi hapo, kwa sababu mgeni wa siku moja anayefundisha watu kazi yao ni kero ninayoijua vizuri, na nimewahi kuwa kero hiyo. Lakini kulikuwa na jambo nililoliona kwa macho yangu asubuhi.

"Samahani," nilisema. "Asubuhi, kabla haijazima, kwa nini ulifunga breki?"

Wote wawili walinigeukia.

"Sikufunga breki," alisema Bi Pindo. "Nani anafunga breki akipanda mlima?"

"Taa nyekundu ya nyuma iliwaka. Kwanza taa, kisha mota ikanyamaza."

Shemeji aliweka kitambaa chake chini polepole. Wiki nzima alikuwa akimsindikiza shemeji yake kwa macho kutoka kibandani, na kutoka kibandani kile kipande cha mlima hakionekani. Siku aliyoendesha mwenyewe, haikuzima. Bi Pindo alikuwa peke yake kila mara, na taa iko nyuma yake. Hakuna aliyewahi kuiona ikiwaka.

"Basi siyo betri," alisema shemeji. "Mota haikuishiwa nguvu. Iliambiwa isimame."

"Na nani?"

"Na breki."

"Au na mimi," alisema Bi Pindo, kwa utulivu ulionifanya nitazame pembeni. Maana kama breki ndiyo iliyosema, Mwenyekiti alikuwa sahihi: mkono wenye hofu ulikuwa ukivuta.

Hakukaa na wazo hilo kwa muda mrefu. "Haya," alisema. "Kimoja kimoja. Fungua."

*

Ilikuwa saa saba na robo. Shemeji alivaa miwani yake ya kazi na kuanza na mkono wa breki wa kulia. Akauvuta: gurudumu lililokuwa likizunguka hewani likakosa nguvu, taa ikawaka. Akauachia: mota ikarudi. Akarudia mara kumi. Akatikisa waya, akaupinda, akaupulizia maji. Mzima. Akahamia wa kushoto. Vivyo hivyo, mara kumi, maji na kila kitu. Mzima.

"Fungua ndani," alisema Bi Pindo.

"Nikifungua, wakala ataniuliza."

"Saa kumi atakuwa anaipakia kwenye gari. Unamwogopa ya nini?"

Akatoa skrubu moja ndogo, akaondoa kifuniko kidogo kama ukucha, akatuita tutazame. Niliinama. Ndani ya mkono wa breki kulikuwa na kipande cheusi, kidogo kama punje ya mchele. "Hii ni sumaku," alieleza. "Huku pembeni kuna kihisi. Ukivuta breki, sumaku inakisogelea kihisi, nacho kinaiambia mota: bibi anataka kusimama, acha kusukuma. Basi. Hakuna waya unaogusana, hakuna cha kuchubuka. Ndiyo maana nasema ni mzima. Kitu hiki hakiharibiki."

"Funga tuwaze," alisema Bi Pindo, akanyoosha mkono kumshikia kile kifuniko.

Shemeji akarudisha kifuniko mahali pake, akapapasa juu ya kitambaa alipoiweka skrubu. Haikuwapo. Akainua kitambaa, akakikung'uta. Akatazama chini. Mimi nikatazama chini ya ndoo yangu. Akaanza kulaumu kuku wa jirani.

"Shemeji," alisema Bi Pindo.

Alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amevaa bangili ya kitambaa, nene, iliyotunishwa kama mto mdogo, na juu yake zilikuwa zimelala pini kama arobaini, zote kimya, zote zimeelekea upande mmoja. Katikati ya pini hizo, imesimama kwa kichwa chake, ilikuwapo skrubu.

Gari la maji lilipita, likaondoka na sauti yake.

Hapa lazima nieleze bangili ile, kama alivyonieleza yeye baadaye. Miaka mingi iliyopita, kabla ya kazi ya hospitali, mteja alichomwa na pini iliyosahauliwa kwenye kola. Kidonda kidogo, lakini Bi Pindo hakulala. Alichukua redio iliyokufa ya mumewe, akaipasua spika, akatoa sumaku ya mviringo, akaishonea ndani ya bangili. Tangu siku ile hakuna pini iliyomtoroka. Na ilipokuja kazi ya hospitali, ambako nguo hukaa juu ya mtu aliyepasuliwa, alijiwekea sheria. Kila robota, kabla ya kuingia kwenye sanduku, anaipitishia mkono ule polepole, mbele na nyuma, upindo kwa upindo. Ikiwa kuna pini, itaruka yenyewe. Ndilo jambo la mwisho analofanya kabla ya kupanda baiskeli. Na kwa kuwa ndilo la mwisho, hupanda akiwa bado ameivaa.

Alipobeba mchanga, hakuivaa. Mchanga hauna pini.

"Washa," alimwambia shemeji.

Gurudumu likazunguka. Bi Pindo akashika usukani kama mtu aliyeketi wima, bangili mbali na mkono wa breki. Likaendelea kuzunguka. Kisha akafanya kile anachofanya pale kwenye kipande kilichosimama: akainama, akakunja viwiko, akaisogeza mikono ndani karibu na katikati ya usukani, hadi bangili ikalala juu kabisa ya kile kifuniko kidogo. Taa nyekundu ikawaka. Gurudumu likalegea, likapunguza, likasimama.

Akainuka. Likazunguka.

Akainama. Likasimama.

"Vua," alisema shemeji kwa sauti ya kunong'ona.

Akavua bangili, akaiweka mapajani mwangu, akainama tena, safari hii akiulalia usukani kwa uzito wake wote. Gurudumu likavuma bila wasiwasi.

Shemeji aliketi chini kwenye vumbi. "Wiki nzima," alisema. "Betri mbili. Waya mpya. Nimemtukana mtu aliyeitengeneza, na mama yake. Kumbe ni redio ya kaka."

"Kaka yako hajawahi kupenda nitoke bila kuaga," alisema Bi Pindo.

Wakacheka, na kicheko kile kilichukua muda, kwa sababu kila mmoja alipokaribia kumaliza alimtazama mwenzake. Mimi nilibaki nimeikamata ile bangili kwa mikono miwili. Simu yangu, nilipoitoa mfukoni, ilikuwa ikidai kwamba kaskazini iko upande wa hospitali.

*

Mwenyekiti aliitwa. Alisimama mbele ya gurudumu, mikono kifuani, akaonyeshwa mara mbili. Kisha akaomba aonyeshwe mara ya tatu, ila bangili aishike yeye. Akaisogeza, ikazima. Akaiondoa, ikawaka. Uso wake haukubadilika.

"Gurudumu liko hewani," alisema. "Mlimani siyo hewani."

"Kweli," alisema Bi Pindo. "Ndiyo maana saa tisa kasorobo naondoka."

"Fundi anaweza kuchomoa huo waya wa kihisi tu, tukamaliza habari."

"Anaweza. Halafu nikiteremka, nafunga breki huku mota inanisukuma. Hapana, mwenzangu. Breki ilikuwa inafanya kazi yake. Ilisikia sumaku ikatii. Wa kubadilika ni mimi." Akaugusa mkono wa breki. "Na sikuwa nimevuta. Hilo nataka lijulikane pia."

Mwenyekiti alimtazama rafiki yake wa benchi moja. "Limejulikana," alisema. "Nililisema mbele ya watu, nitalifuta mbele ya watu." Akageuka kuingia ndani, na kabla hajafika mlangoni akaongeza, "Ikipanda."

Saa nane na nusu robota za mwisho zilipangwa kwenye meza ya kukatia, nayo meza ikagonga sakafu kwa kila moja. Vyerehani vilisimama. Bi Pindo alivaa bangili, akazipitia moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, bila haraka, kana kwamba saa ya ukutani ilikuwa picha. Kwenye robota ya tano, pini moja ilichomoka kwenye upindo na kuruka. Aliionyesha kwa wote, akaendelea. Mshonaji wa cherehani cha sita aliinamisha kichwa.

Sanduku likajaa. Akalifunika, akaikaza mikanda, akapanda. Kisha akavua bangili na kunikabidhi.

"Nishikie. Usiiweke karibu na simu."

"Nimeshajifunza."

"Na usiipoteze. Ndani mna mume wangu."

Wote tulitoka nje. Kutoka mlango wa bluu, ukisogea hatua kumi barabarani, kipande kilichosimama kinaonekana chote hadi kona ya juu. Shemeji alikuwa ameshafunga kibanda. Mwenyekiti alikuja na fomu ya kurudisha mkononi, sijui kwa nini aliichukua, labda ilikuwa tu mkononi mwake.

Bi Pindo aliondoka kama mtu anayekwenda dukani. Mota ikavuma. Akapita ukuta mweupe, akapita bomba la maji, akafika kwenye alama ya kwanza ya chaki. Akainama akaulalia usukani. Nilikaza macho kwenye taa ya nyuma. Ilikuwa ndogo, nyekundu hafifu, haikubadilika.

Alama ya pili. Ya tatu. Shemeji alikuwa akihesabu kwa midomo. Pale kwenye ya tano, palipo na mwinuko mkali kuliko pote, baiskeli ilipunguza mwendo kidogo, goti lake la kulia likapanda na kushuka, ikaendelea. Ya sita. Ya saba. Ya nane. Akaipita na ile ya asubuhi, ambayo niliiona ikichorwa, na mbele yake barabara ilikuwa safi.

Kwenye kona, taa ikawaka.

Mshonaji mmoja alivuta pumzi. Shemeji akasema neno ambalo sitaliandika. Baiskeli ilisimama kabisa, na kutoka upande wa kulia akatokea mzee mwenye fimbo, akivuka barabara kwa mwendo wa mtu asiye na saa tisa. Akamaliza kuvuka. Bi Pindo akamwinulia mkono, mkono wa kushoto, mtupu. Taa ikafifia. Baiskeli ikang'oka pale mlimani kutoka kusimama, na mzigo wote, ikakata kona, ikatoweka.

Mwenyekiti aliitazama kona ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaikunja fomu mara mbili, mara tatu, mara nne, akaingia ndani. Nilisikia akiwaambia watu wainue meza kidogo upande ule, wainue tu, haya, basi. Mikasi ikaanza kuuma. Meza haikugonga.

Wakala alikuja mapema, Bi Pindo hajateremka bado, akanikuta mimi mlangoni, nimesimama na pini arobaini na moja mkononi, akaniuliza mwenye baiskeli yuko wapi. Nikamwonyesha juu.